"Bei ya Mwisho Ngapi?" Kuuza Bodaboda Bila Kujuta

Ukiwahi kuuza kitu kilichotumika, iwe pikipiki, jenereta au pampu ya maji, swali hili unalijua. Linakuja kabla hata ya salamu.

Mteja wetu mmoja wa Masii aliweka picha za Boxer yake ya miaka minne kwenye grupu ya WhatsApp. Kufikia saa nne asubuhi alikuwa ameulizwa bei ya mwisho mara kumi na moja, na wote akawajibu 80,000. Hapo ndipo alipokosea. Anayeuliza bei ya mwisho kwa simu bado hajaiona pikipiki. Ukimpa, akifika ataanzia hapo hapo kushuka. Mjibu hivi: "Njoo uione kwanza, tutaongea."

Kabla ya kupiga picha, kuwa na bei tatu kichwani: ile utakayotaja, ile unayotarajia, na ile ambayo mtu akitaka kupita hapo unarudi na pikipiki yako nyumbani. Hii ya tatu usimwambie mtu, hata yule broka anayedai ni ndugu yako wa Kathiani. Na usiipate kwa kuangalia deni lako la chama, kwa sababu mnunuzi deni lako halimhusu. Zunguka steji za Machakos mjini, Kyumbi au Tala uulize pikipiki kama yako ziliuzwa ngapi. Tumesema ziliuzwa, si zinauzwa. Bei inayotajwa na bei iliyolipwa ni vitu viwili tofauti kabisa.

Mnunuzi makini atakuja na fundi, na kazi ya fundi huyo ni kutafuta makosa. Cheni iliyolegea ya kurekebisha kwa pesa kidogo inaweza kukushusha elfu tano. Irekebishe mapema. Lile kosa usiloweza kurekebisha litaje wewe mwenyewe, kwa sababu akiligundua yeye hatakuamini tena hata kwa mengine.

Yule mzee alijifunza. Mnunuzi wa pili alipofika, alianzia 95,000.

"Mzee, fanya sabini."

"Kijana, washa kwanza uisikie."

Kisha akanyamaza. Wengi wetu hatuwezi kunyamaza, tunaanza kujipunguzia bei wenyewe! Yeye alishuka kidogo kidogo, elfu tatu, halafu mbili, mpaka wakafika 84,000.

Halafu ikaja ile ya mwisho: ya kutoa. Nani analipa? Inaonekana ndogo, lakini tumesikia dili zikivunjika hapo. Malizeni jambo hili mkiwa bado mnapatana bei, si wakati mnunuzi ameshika simu. Na kama dili ni kubwa, kumbukeni muamala mmoja hauzidi shilingi 250,000, na kwa siku ni 500,000.

Sasa pesa. Ujumbe kwenye simu si pesa. Matapeli hutuma ujumbe unaofanana kabisa na wetu, wakati mwingine jioni, ukiwa na haraka. Usiangalie ujumbe, angalia salio lako mwenyewe. Hata mnunuzi akikuonyesha simu yake, ngoja salio lako liongezeke ndipo utoe ufunguo.

Andikeni makubaliano: majina, namba za vitambulisho, namba ya pikipiki, bei, na ile kodi ya muamala. Hiyo kodi iandike kwa kalamu. Mtu akidai kesho kwamba alituma kimakosa na anataka pesa irudishwe, karatasi hiyo itakusaidia kueleza pesa ilikuwa ya nini.

Kilichobaki ni logbuku. Kumpa mtu karatasi mkononi hakutoshi. Muuzaji anaanzisha uhamisho wa NTSA kupitia eCitizen, mnunuzi anakubali. Sheria ya Trafiki inampa mmiliki mpya siku 14; zikipita kabla hajasajiliwa, pikipiki haifai kuwa barabarani. Na mpaka jina libadilike, sheria inakuchukulia wewe kuwa mwenyewe. Ikigonga mtu huko Wamunyu, polisi watapiga simu yako.

Mzee wetu alifanya uhamisho siku hiyo hiyo, wamekaa kwenye benchi nje ya duka la wakala. Akakubali kulipa ya kutoa mwenyewe, lakini helmeti akabaki nayo.