Mbolea inatolewa Zambia, bukari inaliwa huku kwetu

Sisi wa sendika ya mine, kila mara tunapoingia kwenye mazungumuzo ya mushahara, neno la kwanza mudomoni mwa wafanyakazi si mushahara wenyewe. Ni bunga. Mufuko wa kilo 25 uko bei gani leo? Kama bei imepanda, ile nyongeza tuliyopigania myezi mingi inaishia kwa sahani, hakuna kinachobakia kwa masomo ya watoto.

Basi tuseme wazi bunga hiyo inatoka wapi. Mahindi mengi tunayokula Lubumbashi, Likasi na Kolwezi yanapita Kasumbalesa. Na mahindi hayo, Serikali ya Zambia imekwisha kuyatolea makuta mbele hayajaota. Wako na programu moja inaitwa FISP, ilianza mwaka 2002 kwa jina lingine. Mulimaji mudogo anatoa kwacha 400, Serikali inalipa bei yote inayobakia, naye anapewa mbegu na mifuko ya mbolea. Watu karibu milioni moja wanaandikwa kila musimu. Jina linapita kwanza kwenye koperative, kisha kwenye komite ya walimaji ya pale pale, wenye kujua nani analima kweli na nani analima kwa kinywa tu.

Hatusemi kule ni mbinguni. Mara nyingine mbolea inafika mvua imekwisha kuanza, na majina ya watu wasio na shamba yamekutwa ndani. Lakini liste iko. Mutu anaweza kusimama na kuuliza: huyu ni nani?

Huku kwetu tuuliize liste gani? Sheria ya kilimo ya tarehe 24 Desemba 2011 iliandika kwamba kutakuwa mufuko wa taifa wa kuendelesha kilimo. Mbele ya pale, Maputo 2003, serikali za Afrika ziliahidi asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo. Karatasi ziko. Lakini wamama tunaowajua, wanaolima kando ya Kambove na Kipushi, mbolea wanainunua sokoni kwa bei nzima, na wengi wanapanda bila kitu.

Wakati wa gavana Moïse Katumbi, kampuni za mine zililazimishwa kulima hektari 500 kila moja. Nia haikuwa mbaya. Ila aliyesaidiwa pale si mulimaji. Aliyepewa jembe ni mutu wa shaba, na mutu wa shaba anahesabu shaba.

Mwaka 2024 tuliona matokeo. Jua lilichoma mashamba ya Zambia, tarehe 29 Februari rais Hichilema akatangaza janga la taifa, na huku bunga ikapanda. Hakuna mwenye kosa kule: mutu analisha kwanza watoto wake. Kosa ni sisi kuweka sufuria yetu juu ya moto wa jirani.

Makuta hayakosekani. Kode ya madini ya 2018 inaomba kila kampuni itoe asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa miradi ya wakaaji. Tena asilimia 15 ya redevansi ya madini inaenda kwa komine, sekta ao shefferi ambamo mine inachimba. Hii ya pili ni ya majengo na barabara, haiwezi kununua mbegu, lakini depo ya mahindi na njia ya kutoka shambani inaweza. Ile 0,3 inaweza kununua mbegu na mbolea kabisa.

Kwa hiyo katika mazungumuzo yanayokuja tutaweka mambo mawili mezani pamoja na mushahara: sehemu ya ile 0,3 iende kwa walimaji wanaozunguka mine, mbele ya mwezi wa Oktoba, si mwezi wa Januari, na majina ya waliopata, na idadi ya mifuko, yabandikwe ukutani kwa ofisi ya sekta, mahali kila mutu anapita.