Goti la Mchimbaji: Mzigo, Gegedu na Misuli

Katika ukanda wa dhahabu ulio kusini mwa Ziwa Viktoria, kutoka Kahama mkoani Shinyanga hadi Geita, kazi nyingi hufanywa magoti yakiwa yamekunjwa. Huko Nyarugusu, Lwamgasa na Kakola, mchimbaji mdogo huchuchumaa ndani ya duara jembamba akigonga mwamba kwa nyundo na tindo. Juu ya ardhi wanawake huketi chini wakiponda mawe, na katika majaruba wakulima wa mpunga huinama kutwa. Wengi wao huja kupata maumivu ya magoti yasiyokwisha, nao huambiwa kwamba ni baridi au uzee. Maelezo hayo hayatoshi, kwa sababu maumivu hayo yana chanzo kinachoweza kupimwa, na kwa sehemu kubwa yanaweza kuzuiwa.

Jinsi goti lilivyoundwa

Goti huunganisha mfupa wa paja na mfupa wa muundi, na mbele yake hulindwa na pia ya goti. Ncha za mifupa hiyo zimefunikwa kwa gegedu, yaani tishu nyororo inayoiwezesha mifupa kuteleza bila kusagana. Gegedu halina mishipa ya damu. Hupata lishe kutokana na ute uliomo ndani ya goti: mguu ukanyagapo, gegedu hubanwa na kutoa majimaji, uinuliwapo, hufyonza ute mpya. Mwalimu aweza kuonyesha tendo hili darasani kwa kubana na kuachia sifongo ndani ya maji yenye rangi. Ni dhahiri basi kwamba goti lisilotumika hukosa lishe, na goti lililobanwa kwa muda mrefu bila kunyooshwa hukosa vilevile.

Gegedu halina mishipa ya fahamu pia. Kwa hiyo huweza kuchakaa miaka mingi bila mwenyewe kujua; maumivu huanza pale mfupa na tishu za jirani zinapoguswa na uharibifu huo.

Hesabu ya mzigo

Kanuni ya wenzo inayofundishwa katika somo la fizikia hueleza kwa nini kuchuchumaa ni kazi nzito. Tuchukue mfano wa mtu ambaye magoti yake mawili hubeba uzito wa kilo 60, yaani niutoni 300 hivi kwa kila goti. Akichuchumaa, uzito huo huweza kuangukia sentimita 20 nyuma ya goti, hali kano ya misuli ya paja huvuta ikiwa umbali wa sentimita 4 tu kutoka kwenye kitovu cha mzunguko. Ili kumwinua, kano ya kila goti hapana budi ivute kwa nguvu mara 5, yaani niutoni 1,500. Akijitwika mfuko wa mawe wa kilo 40, nguvu hiyo hufikia niutoni 2,500. Haya ni makadirio, lakini yanaonyesha kwamba kila kilo inayoongezwa begani huzidishwa gotini.

Uthibitisho ulipatikana zamani katika migodi ya makaa ya mawe ya Uingereza. Mwaka 1952 madaktari Kellgren na Lawrence walilinganisha picha za eksirei za wachimbaji na za wafanyakazi wengine. Magoti ya wachimbaji yalionekana kuharibika zaidi.

Kinga na matunzo

Hatua ya kwanza ni kupunguza mzigo. Winchi ya kuvutia mifuko kutoka shimoni, mifuko midogo zaidi, na kigoda cha kukalia wakati wa kuponda mawe ni vifaa vyepesi vyenye faida kubwa. Apigaye magoti aweke chini yake kipande kinene cha godoro au cha mpira, na kila baada ya muda mfupi asimame na kunyoosha miguu. Kwa mtu mnene, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005 ulionyesha kwamba kupungua kilo 1 huliondolea goti mzigo wa kilo 4 hivi katika kila hatua.

Hatua ya pili ni kuimarisha misuli ya mbele ya paja, ambayo hupokea sehemu ya mshtuko wa kila hatua. Mtu aketi kitini, anyooshe mguu mmoja mbele, aushikilie kwa sekunde 5, kisha aushushe polepole. Afanye hivyo mara 10 kwa kila mguu, kila siku. Mwenye maumivu ya muda mrefu asijilaze kitandani. Atembee kwa kiasi, kwa sababu misuli isiyotumika hudhoofu na kuliachia goti mzigo wote.

Vidonge vya kutuliza maumivu, kama vile diklofenaki, vikimezwa siku nyingi bila ushauri wa daktari huweza kusababisha vidonda vya tumbo na kudhuru figo. Aidha, humwezesha mtu kuendelea kulitwisha goti mzigo ule ule ulioliumiza.

Si kila goti linalouma limechakaa. Goti lililovimba ghafla na kuwa la moto, hasa likiambatana na homa, lahitaji hospitali siku hiyo hiyo, kwa maana huenda lina usaha. Watoto wa Kanda ya Ziwa wafikiriwe pia kwa ugonjwa wa selimundu, ambao ni wa kawaida katika eneo hilo na huleta maumivu makali ya mifupa na viungo.

Kijana anayeshuka duarani kwa mara ya kwanza hahisi chochote gotini. Huo ndio wakati wa kuanza matunzo, kwani gegedu likishachakaa halioti upya kama lilivyokuwa.