Saratani ya Ovari: Tumbo Lililojaa Lisipopungua

Mwanamke wa miaka hamsini na kitu anashiba kwa vijiko vitatu vya wali. Sketi aliyoivaa Idi iliyopita haifungi kiunoni, ilhali mikono na mashavu vinazidi kukonda. Duka la dawa limempa dawa za gesi. Zahanati, za vidonda vya tumbo. Halafu za UTI, kwa kuwa kila saa anabanwa na mkojo. Miezi inakwisha hivyo.

Kujaa tumbo, kushiba upesi, maumivu ya nyonga na kukojoa mara kwa mara humpata karibu kila mtu. Cha kuangalia ni kama hali hiyo ni ngeni na haiachi. Utafiti wa Marekani ulioongozwa na Barbara Goff, uliotoka 2007, ulitoa kipimo chepesi: dalili zilizoanza ndani ya mwaka mmoja na zinazotokea zaidi ya siku 12 kwa mwezi zichunguzwe.

Nasisitiza jambo moja, kwa sababu linawaponza wengi: kupima saratani ya mlango wa kizazi hakuonyeshi ovari. Majibu mazuri huko hayasemi lolote kuhusu huku. Wala hakuna kipimo cha kuwapima wanawake wote wasio na dalili. Uingereza walijaribu kwa wanawake zaidi ya 200,000, na matokeo ya 2021 yakaonyesha vifo havikupungua.

Mwenye dalili huanza na altrasaundi, hasa ya kupitia ukeni, pamoja na kipimo cha damu cha CA-125. Kiwango kikizidi 35 kinatia shaka, lakini hakithibitishi: uvimbe wa kizazi, hedhi yenyewe, hata TB ya tumbo hukipandisha. Kwetu Afrika Mashariki hili la TB ni zito. Magonjwa yote mawili hujaza maji tumboni na kumkondesha mgonjwa, na picha zake zaweza kufanana. Kumwanzishia mtu dawa za TB kwa kubahatisha, bila kupima maji yale wala kinyama, ni kumpotezea muda asio nao. Uthibitisho hutoka maabara, mara nyingi baada ya upasuaji, maana kuudunga sindano uvimbe ambao haujasambaa kunaweza kumwaga seli za saratani tumboni.

Hatari hupanda na umri, zaidi baada ya hedhi kukoma. Kuzaa, kunyonyesha na vidonge vya uzazi wa mpango huipunguza. Urithi nao una nguvu: kati ya wanawake 100 wenye hitilafu ya jeni ya BRCA1, takriban 40 huugua kabla ya miaka 80, wakati kwa wanawake kwa jumla ni kama mmoja. Mwigizaji Angelina Jolie, ambaye mama yake alikufa kwa ugonjwa huu 2007, aliondolewa ovari na mirija mwaka 2015 kwa sababu hiyo. Jeni hiyo hupita kwa baba pia, kwa hiyo daktari atajiwe shangazi na bibi mzaa baba waliougua saratani ya titi au ovari, hata asipouliza.