Mfumo Endeshi wa Zamani: Namna ya Kuuweka Akiba kwa Usalama

Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida kwa mfumo endeshi wa Windows 10, uliotolewa mwaka 2015. Kompyuta zenye mfumo huo bado zinawaka na kufanya kazi, ila mianya mipya ya usalama haizibwi, isipokuwa kwa waliojiunga na mpango wa nyongeza.

Mkazi anayehamia Windows 11 anaweza kuuhifadhi mfumo wa zamani kwa ajili ya printa au programu ya hesabu za duka inayogoma katika mfumo mpya. Njia ni mbili:

1. Kurejea nyuma. Baada ya kuhama, faili za mfumo wa awali hubaki kwenye kompyuta kwa siku 10. Muda huo ukipita, hufutwa.
2. Kuweka mifumo yote miwili. Kila mmoja hupewa sehemu yake ya diski, na mtumiaji huchagua anapowasha kompyuta.

Kabla ya yote, nyaraka na picha zinakiliwe kwenye diski ya nje. Mfumo wa akiba si nakala ya nyaraka; diski ikiharibika, vyote hupotea pamoja.

Mfumo wa zamani utumike bila intaneti. Huduma za benki, barua pepe na malipo ya serikali zifanyike kwenye mfumo mpya. Akiba haiozi, lakini mfumo usiosasishwa huoza.