Mtoto wa Mkata Mkonge na Shahada ya Udaktari

Katika mashamba ya mkonge ya Korogwe, mkataji hulipwa kwa kadiri ya mafungu ya majani aliyoyakata. Jirani, Handeni, mkulima wa mahindi hungoja mvua. Mtoto wao apatapo nafasi ya kusomea udaktari, ukoo mzima huchanga, na Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, humkopesha.

Anasoma kwa ajili ya nani? Mwaka 1964 Mwalimu Nyerere alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta shehena. Mfano huo ungali na uzito. Lakini msafiri wa Korogwe ana madeni mawili: baada ya miaka 5 ya masomo na mwaka 1 wa utarajali, makato ya mkopo na ada za wadogo zake huusubiri mshahara wa kwanza. Si haki kumtaka yeye peke yake ajitolee vijijini, huku mtoto wa tajiri akijichagulia mji.

Hata hivyo, anao ujuzi ambao chuo hakikumpa, na ambao haya ya ukata huweza kumfanya auzike. Mgonjwa aliyekatiza dawa afikapo Hospitali ya Magunga, wengine humkemea. Yeye huuliza kwanza: nauli umeipata wapi, na leo nani anakukatia mkonge?