Kirusi kinapobeba mzigo usio wake: jinsi usugu wa dawa unavyohama kati ya bakteria

Mfugaji anawapa kuku dawa ileile aliyowapa msimu uliopita, kwa kipimo kilekile, lakini safari hii kuku hawapati nafuu. Wengi husema dawa za siku hizi ni feki. Wakati mwingine ni kweli. Lakini dawa inaweza kuwa nzima kabisa, na waliobadilika ni bakteria wenyewe. Hali hiyo huitwa usugu wa vimelea dhidi ya dawa.

Jambo lisilosemwa sana ni kwamba si lazima bakteria azaliwe na usugu huo. Anaweza kuupokea kutoka kwa bakteria mwingine. Na mmoja wa wachukuzi wa mzigo huo ni kirusi.

Bakteria nao wana virusi vyao

Tukisikia neno virusi, tunafikiria UKIMWI, mafua au corona. Lakini bakteria nao hushambuliwa na virusi vyao, vinavyoitwa bakteriofaji, au kwa kifupi faji. Faji zipo kila mahali penye bakteria: kwenye udongo, maji ya mto, kinyesi cha mifugo na hata ndani ya utumbo wetu. Haziambukizi seli za binadamu wala za kuku.

Faji ni ndogo mno na umbo lake ni rahisi. Ina kichwa, yaani ganda la protini, na ndani ya ganda hilo imekunjwa DNA. DNA ni uzi mrefu uliobeba maelekezo ya uhai, kama maandishi yenye herufi nyingi. Faji hutua juu ya bakteria na kuingiza DNA yake ndani, huku ganda likibaki nje.

Kuanzia hapo bakteria si bwana tena nyumbani kwake. Analazimishwa kutengeneza DNA mpya za faji na vichwa vipya vitupu. Kila kichwa hujazwa DNA, bakteria anapasuka, na faji nyingi mpya zinatoka kutafuta bakteria wengine.

Kosa hutokea wakati wa kupakia

Fikiria kibarua ghalani aliyepewa kazi ya kusokomeza kamba ndefu ya mkonge ndani ya magunia. Ameambiwa: tafuta kamba yenye alama nyekundu, anzia hapo, sokomeza mpaka gunia lijae, kisha kata. Hakagui kilichomo. Anachojua ni alama ya kuanzia na gunia kujaa.

Sasa ghalani humo kuna kamba nyingine, mali ya mwenye ghala, yenye doa linalofanana na ile alama. Siku moja kibarua anakosea, anaanzia kwenye doa hilo. Gunia linajaa, linafungwa na kupelekwa safari kama mengine. Kwa nje halina tofauti. Ndani kuna mali ya mwenye ghala.

Hivyo ndivyo inavyofanya faji iitwayo P22, inayoshambulia bakteria wa Salmonella. Mtambo wake mdogo wa protini hutafuta alama kwenye DNA ya faji, huisukuma ndani ya kichwa mpaka kijae, kisha huikata. Kichwa kimoja hubeba herufi za DNA zipatazo 44,000. Salmonella mwenyewe ana herufi karibu milioni 4.8, na katika maandishi marefu namna hiyo hazikosekani sehemu zinazofanana na alama ya faji. Mtambo ukianzia hapo, kichwa hujazwa DNA ya bakteria, karibu sehemu moja ya mia ya maelekezo yake yote.

Mzigo ukifika kwa jirani

Chembe hiyo hutoka pamoja na nyingine, hutua juu ya bakteria mwingine na kuingiza mzigo wake kama kawaida. Lakini kwa kuwa haina maelekezo ya faji, haiwezi kumteka wala kumuua. Mara nyingi mzigo huo huharibika bure. Mara chache, bakteria aliyeupokea huuingiza kwenye DNA yake mwenyewe.

Kama ndani ya mzigo huo mlikuwa na jeni la kuzuia dawa, bakteria huyo sasa ni sugu, na watoto wake wote watakuwa sugu. Bakteria wengine, kama E. coli, wakiwa na chakula na joto la kutosha hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Kwa bakteria aina ya Staphylococcus aureus, anayesababisha majipu kwa watu na ugonjwa wa kiwele kwa ng'ombe, faji ni njia kuu ya kuhamisha jeni.

Iligunduliwaje?

Mwaka 1952, Norton Zinder na mwalimu wake Joshua Lederberg wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walitangaza ugunduzi huu. Lederberg alikuwa ameonyesha, mwaka 1946, kwamba E. coli hubadilishana jeni, na ilikuja kubainika kwamba wale wanahitaji kugusana. Wawili hao walitaka kujua kama Salmonella nao hufanya hivyo.

Waliweka aina mbili za Salmonella kwenye bomba la kioo lenye umbo la herufi U, zikitenganishwa na chujio ambalo bakteria hawawezi kupita. Hata hivyo, jeni zilivuka. Waliweka kimeng'enya kinachoharibu DNA iliyo wazi. Jeni zikaendelea kuvuka. Maana yake DNA hiyo ilikuwa imefungwa ndani ya kitu kidogo kinachoilinda. Kitu hicho kilikuwa faji.

Uhamisho huo ulikuwa wa nadra, kama mara moja katika milioni. Lakini gramu moja tu ya kinyesi huwa na mabilioni ya bakteria. Palipo na mabilioni, jambo la moja katika milioni halikosi kutokea.

Dawa inavyochochea

Antibayotiki huchangia kwa njia mbili. Kwanza, huua bakteria dhaifu na kumwachia uwanja yule mmoja aliyepokea usugu.

Pili, zipo faji zinazolala ndani ya DNA ya bakteria bila kumdhuru. DNA hiyo ikiharibiwa, faji huamka, huongezeka na kumpasua. Baadhi ya dawa, kama zile za jamii ya ciprofloxacin, zinaweza kuziamsha.

Watafiti nchini Marekani waliona jambo la namna hiyo mwaka 2008 kwa bakteria anayewaharisha nguruwe damu. Dawa iitwayo carbadox, ambayo huchanganywa kwenye chakula cha nguruwe, iliamsha ndani ya bakteria huyo chembe zinazofanana na faji, ambazo hubeba DNA ya bakteria peke yake. Katika maabara, chembe hizo zilihamisha usugu dhidi ya dawa nyingine mbili, tylosin na chloramphenicol. Dawa moja ilisaidia kusambaza usugu dhidi ya nyingine.

Tufanye nini?

Hatuwezi kuziondoa faji duniani, wala si zote zenye madhara. Katika mji wa Tbilisi, nchini Georgia, ipo taasisi iliyoanzishwa mwaka 1923 ambayo hutumia faji kutibu maambukizi ya bakteria. Wanaotengeneza tiba hizo leo hupendelea faji zisizolala ndani ya bakteria na zisizobeba jeni zake ovyo.

Tunachoweza ni kupunguza nafasi za usugu kuenea:

• Usiwape kuku antibayotiki kwa ugonjwa wa kideri, ambao wengine huuita mdondo. Kideri huletwa na virusi vya ndege, na antibayotiki haiui virusi. Kinga yake ni chanjo.

• Muulize mtaalamu wa mifugo kabla ya kununua dawa, na ufuate kipimo na siku alizokuagiza.

• Usichanganye antibayotiki kwenye chakula ili tu mifugo inenepe.

• Usile wala kuuza mayai, maziwa au nyama kabla ya siku zilizoandikwa kwenye dawa kwisha.

• Vundisha samadi vizuri kabla ya kuipeleka shambani, na uiweke mbali na kisima.

• Wewe mwenyewe, usimeze antibayotiki kwa mafua ya kawaida.

Usugu uliozaliwa kwenye banda moja hauna sababu ya kubaki bandani humo. Kila dozi isiyo ya lazima tunayoiacha huwanyima bakteria sugu nafasi ya kutawala.