Kuruka au Kuamka? Vipande Hamishi vya DNA na Saratani ya Kibofu cha Mkojo

1.0 Utangulizi

Makala haya yanaeleza jinsi vipande hamishi vya DNA vinavyoweza kuwasha jeni zinazochochea saratani ya kibofu cha mkojo. Barbara McClintock alivigundua katika mahindi miaka ya 1940, na mwaka 1983 akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Kwa kuwa vinaweza kuhama katika kromosomu, wengi huviita "jeni zinazoruka". Jina hilo linavutia, lakini linaficha jambo muhimu: kipande chaweza kudhuru bila kuhama.

2.0 Namna vinavyofanya kazi

Takriban nusu ya DNA ya binadamu imetokana na vipande hivi. Vingi vimekwishapoteza uwezo wa kuhama, ila baadhi vimebaki na swichi, yaani sehemu inayoanzisha unakili wa jeni. Katika seli yenye afya, swichi hizo hufungwa kwa vikundi vya methili vinavyobandikwa juu ya DNA. Vikundi hivyo vikipungua, swichi huamka, na jeni jirani husomwa pasipostahili.

Mwaka 2010 hali hiyo ilionyeshwa katika kibofu. Kipande cha aina ya LINE-1, kilichomo ndani ya jeni MET inayoweza kuchochea saratani, kilikuwa kimepoteza methili na kuzalisha nakala isiyo ya kawaida ya jeni hiyo. Mabadiliko hayo yalikutwa hata katika tishu zilizoonekana nzima za vibofu vyenye uvimbe.

3.0 Uhusiano na Likasi

Likasi ni mji wa shaba na kobalti, wenye viwanda vya Shituru. Mwaka 2009, watafiti wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven walichapisha vipimo vya mkojo wa wakazi wa kusini mwa Katanga: walioishi karibu na migodi na viwanda walikuwa na kobalti, arseniki na urani kwa wingi zaidi. Arseniki husababisha saratani ya kibofu. Mwili huibadili kwa kutumia vikundi vya methili, na katika maabara imeonekana kupunguza methili ya DNA. Vipimo hivyo havithibitishi ugonjwa. Vinaonyesha pa kuanzia uchunguzi.

4.0 Hitimisho

Tunapendekeza istilahi "kipande hamishi", pamoja na kitenzi "kuamka". Mwanafunzi wa Likasi akifundishwa "kuruka" tu, atatafuta hatari katika DNA iliyokatika, ilhali mpangilio wake waweza kubaki vilevile na madhara yakaanza.